Ukuzaji wa mitende na jamaa zake katika Dodoma

Ukuzaji wa mitende na jamaa zake katika Dodoma ni upandaji na utunzaji wa miti ya familia Arecaceae (mtende, mnazi, mvumo, mkoche, mkindu na mingineyo) katika Mkoa wa Dodoma na nyanda za kati za Tanzania kwa jumla. Eneo hilo liko ukingoni mwa mazingira ambayo miti hiyo inaweza kuyavumilia. Liko juu kuliko pwani, usiku wake ni wa baridi zaidi, na mvua yake ni chache na ya msimu mmoja tu. Kwa sababu hiyo baadhi ya spishi zinazostawi bila taabu Dar es Salaam au Unguja hufa Dodoma, au huishi bila kuzaa, ilhali nyingine hukua hadi kupita mita 15.

Jambo hili limepata uzito tangu mwaka 2016, ilipotangazwa kwamba serikali yote itahamia Dodoma. Miti mirefu yenye shina moja na majani kileleni hupendwa sana kando ya barabara na mbele ya ofisi na hoteli, lakini mji wenyewe hutegemea zaidi maji ya visima. Kuchagua mti usiofaa maana yake ni kuumwagilia maisha yake yote.

Majina

Kiswahili hakina jina moja linalotumiwa na watu wote kwa jamaa hii nzima. Kila mti una jina lake, na waandishi wa biolojia husema "mimea iliyo mnasaba na mpopoo". Katika Biblia ya Kiswahili mtende ndio unaotajwa, na pengine ndiyo sababu watu wengi wa bara huita "mtende" mti wowote wa umbo hilo. Wengine huuita "mnazi" hata ule usiozaa nazi kamwe.

Mchanganyo huu unaweza kumtia mtu hasara. Miche ya mtende, ya mkindu na ya mtende wa Visiwa vya Kanari hufanana sana ikiwa na umri wa mwaka mmoja, kwa kuwa yote ni ya jenasi Phoenix. Mnunuzi anayetaka tende anaweza kungoja miaka saba au minane na kupata matunda madogo yenye kokwa kubwa na nyama kidogo. Kuutofautisha mtende na mnazi ni rahisi zaidi: vijani vya chini kwenye kuti la mtende vimegeuka kuwa miiba mirefu migumu, ilhali kuti la mnazi halina mwiba hata mmoja.

Hali ya hewa na mipaka yake

Mji wa Dodoma uko kwenye kimo cha mita 1,120 hivi juu ya usawa wa bahari. Mvua ya mwaka ni milimita 550 hadi 600 kwa wastani, na karibu yote hunyesha kati ya mwisho wa Novemba na Aprili. Kuanzia Mei hakuna mvua ya maana kwa muda wa miezi saba hivi. Miezi ya baridi ni Juni, Julai na Agosti, ambapo usiku joto hushuka hadi nyuzi 13 au 14 za selsiasi kwa wastani, ingawa mchana hurudi juu ya nyuzi 25. Joto kali huja Oktoba na Novemba, kabla ya mvua, na mchana hufikia nyuzi 31 au zaidi. Kiangazi chote upepo mkavu huvuma na kukausha majani.

Baridi ya Dodoma haileti jalidi. Hapo ndipo hali yake inapotofautiana na ya nchi za kaskazini, ambako wapenzi wa miti hii hupanga spishi kwa kuangalia nyuzi chini ya sifuri ambazo kila moja inaweza kustahimili. Kwa mfano, Trachycarpus fortunei wa China huvumilia nyuzi 15 chini ya sifuri na hupandwa hata Uskoti. Mti mrefu kuliko wote katika familia, Ceroxylon quindiuense wa Kolombia, unaoweza kufikia mita 60, humea kwenye ukungu wa milima ya Andes kuanzia mita 2,000 hivi na kuendelea. Miti ya namna hiyo ingefaa kujaribiwa Makete au kando ya Kitulo, ambako jalidi huanguka kweli. Dodoma ingeteswa na ukavu.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa mkulima wa Dodoma si "mti huu unavumilia baridi kiasi gani?" bali "mizizi yake itapata wapi maji kuanzia Mei hadi Novemba?" Baridi ina sehemu yake, lakini kwa spishi chache tu, na mnazi ndio mfano ulio wazi zaidi.

Mnazi

Mnazi (Cocos nucifera) hupenda wastani wa joto wa nyuzi 27 hivi, mvua ya milimita 1,500 au zaidi iliyosambaa mwaka mzima, na hewa yenye unyevu. Dodoma haina hata kimoja kati ya hivyo vitatu. Wastani wa joto la Julai ni nyuzi 20 au 21, na usiku huwa chini ya hapo sana. Mnazi uliopandwa katika ua unaomwagiliwa unaweza kuishi na kurefuka, ila hukua polepole, majani yake huwa mafupi na ya manjano, makarara hukauka kabla ya kufunguka, na vidaka vichache vinavyoshika huanguka.

Joto hupungua nyuzi 0.6 hivi kwa kila mita 100 za kupanda. Kwa hesabu hiyo, kando ya Bwawa la Mtera, lililo mita 700 hivi juu ya usawa wa bahari kwenye mpaka wa Dodoma na Iringa, kuna joto zaidi ya mjini Dodoma kwa nyuzi mbili na nusu hivi. Huko mnazi unaopata maji una nafasi nzuri kidogo. Singida, iliyo kwenye mita 1,500, nafasi hiyo haipo. Anayetaka kuona mnazi Dodoma na aupande kama pambo, akijua kwamba nazi ataendelea kuzinunua sokoni.

Mtende

Mtende (Phoenix dactylifera) ni mti wa jangwa, lakini hauishi bila maji. Waarabu husema kwamba mtende hutaka miguu yake iwe majini na kichwa chake motoni. Dodoma ina moto wa kutosha kwa nusu ya mwaka. Maji ya miguuni ndiyo ya kutafutwa. Mti uliokomaa huvumilia jalidi ya nyuzi kadhaa chini ya sifuri, hivyo baridi ya Julai haiudhuru. Ukuaji wake husimama joto linaposhuka hadi nyuzi 7 hivi, na Dodoma haifiki huko kwa kawaida. Kimo cha mita 15 hadi 20 kinawezekana, japokuwa huchukua miongo kadhaa.

Mitende ilifika bara pamoja na biashara ya misafara ya karne ya 19, wakati wafanyabiashara kutoka Omani na Zanzibar walipojenga makao Tabora na Ujiji. Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910 na Tabora mwaka 1912, na mji wa reli ukavutia wenye maduka Waarabu na Wahindi. Mingi kati ya mitende ya zamani ya miji ya bara imetokana na kokwa zilizotupwa au kupandwa baada ya tende kuliwa.

Kuanzia kwenye kokwa ndiko chanzo cha malalamiko kwamba "mitende ya hapa haizai". Mtende una jinsia mbili zilizotengana: mti mmoja ni dume, mwingine ni jike. Kati ya miche iliyoota kwa kokwa, nusu hivi huwa madume, na hakuna awezaye kuijua jinsia kwa kuangalia majani. Hubainika mti unapochanua mara ya kwanza, baada ya miaka minne hadi minane. Na hata majike hayafanani na mama yao. Kokwa ya tende tamu inaweza kuzaa mti wenye tende chungu na kavu. Ndiyo maana katika nchi za Ghuba mitende huzidishwa kwa machipukizi yanayotoka kwenye tako la mti mama, au siku hizi kwa miche ya maabara inayotokana na tishu. Njia zote mbili hutoa mti ulio sawasawa na ule uliotoka.

Jambo la pili ni uchavushaji. Katika hali ya asili upepo hubeba chavua, lakini kazi hiyo huhitaji madume mengi. Wakulima hukata vijiti vichache vya shada la maua ya dume, huviingiza kichwa chini katikati ya shada la jike lililofunguka siku hiyo au siku chache zilizopita, kisha hulifunga kwa uzi au kwa utepe wa jani. Dume moja hutosha majike 40 hadi 50. Mti wa jike ulio peke yake uani, usiochavushwa na mtu, hutoa vitunda vidogo visivyo na kokwa ambavyo haviivi vizuri. Miti ya namna hiyo mara nyingi hukatwa kwa kudhaniwa kuwa ni tasa, kumbe ilikosa tu mwenzake.

Jambo la tatu ni gumu zaidi kwa Dodoma, nalo ni mvua. Tangu kuchanua hadi kuiva, tende huhitaji miezi sita au saba ya joto na ukavu. Hupita hatua zinazoitwa kwa Kiarabu kimri (mbichi, ya kijani), khalal (iliyokomaa, ya njano au nyekundu, bado ngumu), rutab (iliyolainika) na tamr (iliyokauka, ile inayouzwa madukani). Mti unaochanua baada ya baridi kupungua, mwezi wa Agosti au Septemba, utafikisha matunda yake hatua ya rutab mnamo Februari au Machi, katikati ya msimu wa mvua. Tende zilizoanza kulainika zikinyeshewa hupasuka, huchacha na kuota ukungu.

Njia ya kuliepuka tatizo hilo ni kuchagua aina inayoliwa katika hatua ya khalal. Barhi, aina iliyotoka Irak, ni tamu ikiwa bado ya njano na ngumu, na huuzwa ingali kwenye vijiti vya shada lake. Aina nyingi nyingine katika hatua hiyo zina ukakasi unaokausha ulimi. Njia ya pili ni aina zinazowahi kuiva, kama Naghal ya Omani. Njia ya tatu ni kufunika mashada kwa mifuko ya karatasi au ya kitambaa iliyo wazi chini. Huzuia mvua, ndege na nyigu kwa pamoja. Tende kavu za kuhifadhi mwaka mzima, kama Khalas au Fardh, ni vigumu kuzitegemea mahali ambapo mvua hunyesha wakati wa kuiva. Mkulima anayeahidiwa faida ya tende kavu hapa na aulize kwanza mti huo unachanua mwezi gani.

Soko lipo. Sehemu kubwa ya tende zinazoliwa Tanzania hutoka Ghuba na nchi nyingine za Kiarabu, na mahitaji hupanda kila Ramadhani. Ila mwezi wa Ramadhani huwahi kwa siku 10 au 11 kila mwaka wa kalenda ya kawaida, wakati mti hausogezi mavuno yake. Tende mbichi za Dodoma zitakutana na mfungo miaka michache tu katika kila mzunguko wa miaka 33 hivi.

Sifa moja ya mtende ambayo haijapewa uzito unaostahili ni uvumilivu wa chumvi. Katika baadhi ya sehemu za Dodoma, kama Hombolo, ambako bwawa lilijengwa miaka ya 1950, maji yana chumvi inayosumbua kilimo cha umwagiliaji. Mzabibu, ambao ni zao maarufu la mkoa, huanza kupoteza mavuno kwa kiwango cha chumvi ambacho mtende haukihisi. Hakuna mti wa matunda unaokuzwa kwa wingi unaoishinda mitende kwa jambo hilo.

Mvumo na mkoche

Miti hii miwili ni ya Afrika yenyewe, na inastahili kutajwa kabla ya ile inayoletwa kwa meli.

Mvumo (Borassus aethiopum) ni mkubwa kuliko yote ya asili. Hufikia mita 20 na zaidi, una majani yenye umbo la kipepeo, na shina lake huvimba katikati au juu yake kidogo, kama chupa. Humea kwenye mabonde yenye maji karibu chini ya ardhi, hata kama juu ni pakavu. Ubao wa nje wa shina lake ni mgumu sana na mchwa hawauwezi kwa urahisi, kwa hiyo miti mingi imekatwa kwa ajili ya nguzo na madaraja. Kugema tembo kwenye kilele huua mti usipofanywa kwa uangalifu, kwa kuwa una chipukizi moja tu la kukulia.

Mkoche ni jina la spishi kadhaa za jenasi Hyphaene. Hyphaene compressa hugawanyika matawi mawili mawili, jambo la nadra katika familia hii, na humea kuanzia pwani hadi kwenye kimo cha mita 1,400 hivi. Hyphaene petersiana ya kusini mwa Afrika, isiyo na matawi kwa kawaida, inafika Tanzania na inaonekana kando ya maziwa ya Bonde la Ufa kama Eyasi, kwenye udongo wenye magadi. Katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha mikoche na mivumo husimama kwenye kingo za mito ya mchanga, na ndovu hula matunda yake na kusambaza mbegu kwa mavi yao.

Kwa nini basi miti hii haipandwi mjini? Sababu iko katika kuota kwake. Mbegu ya mvumo haitoi jani kwanza. Hutoa kitu kama mzizi mnene unaozama chini sentimita 50 hadi mita moja, ukibeba kiinitete ncha yake. Huko chini ndiko mche unakoanzia, na jani la kwanza hutokea juu ya ardhi baada ya miezi mingi. Mbegu iliyowekwa kwenye kiriba cha plastiki hugonga chini, hujikunja na kudhoofika. Mche ulioota porini ukichimbwa, hukatwa mahali pake pa uhai. Hivyo wenye vitalu hawana cha kuuza. Baada ya hapo mvumo hukaa miaka mingi ukiwa kichaka cha majani matatu au manne kabla shina halijaonekana.

Ila kwa asiye na haraka kazi ni nyepesi: mbegu hupandwa pale pale mti utakaposimama, kwa kina cha sentimita 10 hivi, mwanzoni mwa mvua, mbili au tatu kwa shimo. Panahitajika uzio dhidi ya mbuzi na ulinzi dhidi ya moto wa nyasi. Mizizi ikishafika chini, mti hauhitaji kumwagiliwa tena. Shule, makanisa, misikiti na taasisi zenye ardhi ya kudumu ndizo zinazofaa kuupanda, kwa kuwa aliyepanda kwa kawaida hataona kimo chake kamili.

Mkindu

Mkindu (Phoenix reclinata) ni ndugu wa mtende. Huota kwa kundi la mashina membamba yaliyoinama, ya mita 6 hadi 12, kando ya chemchemi, vijito na mabwawa. Hauhitaji utunzaji pale penye unyevu, na penye ukavu haudumu. Ndio unaotoa ukindu wa kusukia mikeka.

Miti ya mapambo

Mti wa mapambo unaotambulika kwa haraka zaidi ni Roystonea regia wa Kuba, wenye shina la kijivu na laini kama nguzo ya saruji na shingo ya kijani chini ya majani. Hauhimili jalidi ya maana, lakini Dodoma haipo, kwa hiyo baridi haiuui. Taabu yake ni kiu. Kwao humea mahali penye mvua zaidi ya mara mbili ya ile ya Dodoma.

Miti ya familia hii haina tabaka la seli linalonenepesha shina kila mwaka kama mwembe au mkaratusi. Unene hupangwa kileleni wakati sehemu hiyo inapoundwa, na baada ya hapo haubadiliki sana. Mti uliokosa maji kwa mwaka mmoja huunda sehemu nyembamba, na ukipata maji tena hunenepa juu yake. Kiuno hicho hubaki maisha yote. Anayepita barabarani anaweza kuhesabu miaka ya shida kwenye shina la Roystonea kama anavyosoma daftari. Kwa sababu hiyo hiyo jeraha la panga au la msumari kwenye shina haliponi wala kufunikwa na gome jipya.

Hesabu ya maji ni ya kufanywa kabla ya kuchimba mashimo. Barabara yenye miti 200, kila mmoja ukipewa lita 40 mara mbili kwa wiki, hutumia lita 16,000 kwa wiki. Kwa wiki 26 za kiangazi ni lita 416,000. Maji hayo hutoka kwenye chanzo kile kile cha nyumba za watu. Kwa miaka mingi chanzo kikuu cha mji kimekuwa visima vya Mzakwe katika bonde la Makutupora.

Washingtonia filifera, mti wa chemchemi za majangwa ya Kalifornia na Arizona, na ndugu yake mwembamba na mrefu zaidi, Washingtonia robusta wa Meksiko, huafikiana na Dodoma vizuri zaidi. Wa kwanza huvumilia nyuzi 8 chini ya sifuri na hewa kavu kabisa. Yote miwili hukua haraka, na robusta hupita mita 20. Kasoro yake ni majani makavu yanayoning'inia shinani kama sketi, ambamo panya na popo hujificha na moto hushika upesi. Mtende wa Visiwa vya Kanari (Phoenix canariensis) ni mnene na wa fahari, hukua polepole, na hutaka nafasi: taji la majani yake huwa pana kiasi cha mita nane au zaidi. Kuupanda chini ya nyaya za umeme ni kujitafutia ugomvi wa baadaye.

Upandaji na utunzaji

Wakati mzuri ni Desemba, mvua ikishalowesha udongo. Shimo la sentimita 60 hadi 90 kila upande linatosha. Kwenye udongo mfinyanzi mweusi wa mbuga, unaopasuka kiangazi na kutuamisha maji masika, ni afadhali kupanda juu ya tuta. Kwenye kichanga chekundu huchanganywa samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi huunguza mizizi na kuvuta wadudu. Chipukizi la kati lisifukiwe hata kidogo, maana maji yakituama ndani yake huoza na mti hufa.

Miaka miwili au mitatu ya kwanza ndiyo ya kumwagilia kwa bidii. Maji mengi mara moja kwa wiki ni bora kuliko machache kila siku, kwa sababu maji ya juujuu hulea mizizi ya juujuu, na hiyo ndiyo inayokufa Oktoba. Beseni la udongo kuzunguka mche hukusanya pia maji ya mvua yanayotiririka. Mtende mkubwa unaotegemewa kwa matunda ni jambo lingine. Katika joto la jangwani unaweza kuhitaji zaidi ya lita 100 kwa siku.

Majani ya kijani yasikatwe ovyo. Desturi ya kunyoa mti hadi yabaki majani matano yaliyosimama wima kabla ya sherehe hupunguza chakula chake na huacha kiuno kwenye shina. Jani hukatwa likishakauka.

Wadudu na maradhi

Mchwa ndio adui wa kila siku. Kiangazi, vitu vyote vingine vikiwa vikavu, hufuata unyevu wa mche. Nyasi za kufunika udongo zisigusane na shina, na mche unaomwagiliwa vizuri hushambuliwa kidogo kuliko uliochoka. Chonga (Oryctes monoceros), mbawakawa mwenye pembe, hutoboa chipukizi la juu, na majani yanayofunguka baadaye huonekana kama yaliyokatwa kwa mkasi. Mabuu yake hukua ndani ya magogo yanayooza na marundo ya samadi, kwa hiyo usafi wa eneo ni dawa ya kwanza.

Hatari kubwa zaidi ni fukusi mwekundu wa mitende, Rhynchophorus ferrugineus. Asili yake ni Asia ya Kusini. Tangu miaka ya 1980 ameenea katika mashamba ya mitende ya Ghuba, kisha kaskazini mwa Afrika na nchi za Mediteranea. Buu wake hula ndani ya shina bila kuonekana nje mpaka taji linapoanguka, na mti ulioshambuliwa hivyo haupone. Alisafiri mbali hivyo kwa kubebwa ndani ya machipukizi na miti ya mapambo iliyosafirishwa, si kwa kuruka. Chipukizi moja la tende lililofichwa kwenye mzigo wa msafiri linaweza kumleta, na hatashambulia mitende tu: minazi ya pwani nayo imo katika chakula chake. Ruhusa na ukaguzi wa mimea inayoingia nchini ni kazi ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2020. Miche ya tishu kutoka maabara haibebi mdudu huyu, nayo ni njia salama zaidi ya kuleta aina kama Barhi.

Matumizi ya majani

Ukindu na miyaa, yaani majani machanga ya mkindu na ya mkoche, husukwa mikeka, makawa, vikapu na kamba. Vikapu mashuhuri vya Iringa havimo humo, kwa kuwa husukwa kwa milulu. Dominika ya Matawi, juma moja kabla ya Pasaka, Wakristo huandamana na majani ya mtende, ya mkindu au ya mnazi, kulingana na mahali, na kwa siku chache miti ya mjini hupoteza majani mengi. Kuti la nje lililokomaa likikatwa, mti haudhuriki. Jani jeupe la katikati, ambalo bado halijafunguka, hupendwa kwa ulaini wake, lakini kulivuta kwa nguvu huweza kung'oa chipukizi lenyewe. Na mtende au mnazi mchanga uliopoteza chipukizi hilo hauna jingine kwenye shina lake.